Udongo wa Kibanja Upimwe Kabla ya Mafuta Kuvuja



Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani karibu na mji wa Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi ya Tanzania, na mkoa wa kwanza kulipokea upande huu wa mpaka ni Kagera. Bomba huingia Missenyi, likapita Bukoba Vijijini na Muleba, kisha Biharamulo, ndipo likavuka kuingia mkoa wa Geita. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022, na Tanzania, kwa njia ya Shirika la Maendeleo ya Petroli, ina hisa asilimia 15 katika kampuni ya bomba hilo. Manufaa ya mradi huu yamekwisha kuelezwa na viongozi mara nyingi, wala si kazi ya mazungumzo haya kuyarudia. Jambo linalozungumzwa hapa ni dogo kwa sura, ila kwa mkulima ni kubwa: siku udongo wa shamba lake ukiingiwa na mafuta, atajuaje, na akishajua, atathibitishaje?

Yafaa kwanza kuelewa udongo unaozungumzwa. Mji wa Bukoba hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua nyingi kiasi hicho huosha rutuba ikaizamisha chini. Ndiyo maana ardhi ya rweya, yale majani mapana yanayoonekana baina ya kijiji na kijiji, ni chachu na maskini. Kibanja ni kitu kingine kabisa. Kibanja hakikupatikana hivyo, kilitengenezwa. Samadi ya ng'ombe waliolishwa rweya, nyasi zilizokatwa huko zikatandazwa chini ya migomba, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, vyote vimerundikwa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi mpaka udongo mwekundu ukageuka mweusi. Humo mna migomba, mna mibuni, mna maharage chini ya migomba, na aghalabu mna makaburi ya wazee. Mthamini akija anaweza kuhesabu migomba na mibuni kwa siku moja. Udongo wenyewe, ambao ndio kazi ya babu na babu wa babu, hauhesabiki kwa namna hiyo, na ukiharibika haununuliki dukani.

Basi mafuta yatakayopita ni ya namna gani? Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakiachwa katika joto la kawaida la Kagera huganda kama nta ya mshumaa, na kwa sababu hiyo bomba limefunikwa kizuia baridi na linapashwa moto ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi. Jambo hili lina sura mbili. Mafuta ya namna hii yakivuja hayaendi mbali upesi kama petroli. Yakikutana na udongo wa baridi huanza kuganda. Hiyo ni heri. Lakini bomba limefukiwa ardhini, na kitu kinachoganda ardhini hakitoki nje kuonekana. Kinaweza kukaa chini ya mizizi muda mrefu bila mtu kukanyaga dimbwi wala kusikia harufu kali.

Haitakuwa haki kusema kwamba waliolijenga bomba hawakulifikiria hilo. Sambamba na bomba umewekwa waya wa nyuzi za kioo ambao hutumika pia kuhisi uvujaji, na kuna utaratibu wa kulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka kati ya kituo na kituo. Mitambo hiyo ni mizuri kwa mpasuko mkubwa. Tatizo la utaratibu wa kulinganisha vipimo, mahali popote duniani, ni uvujaji mdogo wa kudondoka, kwa maana mita nazo zina kosa lake. Bomba hili limekusudiwa kusafirisha hadi mapipa 216,000 kwa siku. Nusu ya asilimia 1 ya kiasi hicho ni mapipa 1,080, yaani lita zaidi ya 170,000 kila siku. Hata sehemu ndogo sana ya hapo, ikidondoka kwa miezi chini ya bonde linaloelekea mto Ngono, ingekuwa msiba kwa kijiji kizima, ilhali katika hesabu ya kituo cha kusukuma mafuta ingekuwa tarakimu baada ya nukta.

Mfano wa karibu uko Kenya. Mwezi Mei 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba la Mombasa na Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yakaingia katika bonde la mto Thange, Kibwezi, jimbo la Makueni. Watu wa bonde lile walikuwa wakilima kwa maji ya mto huo na kunywesha mifugo humo humo. Kesi yao ilikwenda mahakamani, na ni mwaka 2025, miaka kumi baadaye, ndipo mahakama ya mazingira na ardhi huko Makueni ilipoamua kwamba wakazi zaidi ya 3,000 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8 za Kenya. Miaka kumi ni muda wa mtoto kuanza darasa la kwanza na kufika sekondari. Katika mashauri ya namna hii swali linalokula miaka ni lile lile: udongo na maji vilikuwaje kabla, na vimekuwaje baada, na nani anasema?

Huko Nigeria swali hilo lilichelewa zaidi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa yake juu ya nchi ya Waogoni mwaka 2011, baada ya mafuta kuchimbwa huko tangu miaka ya 1950. Wataalamu walikuta mafuta yamezama mahali pengine zaidi ya mita tano chini ya ardhi, na walikuta pia kwamba baadhi ya maeneo yaliyoandikwa kuwa yamekwisha kusafishwa yalikuwa bado machafu. Walikadiria kwamba kulirudisha eneo lile katika hali yake kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Hapa ndipo vinapoingia vihisi hai. Jina ni geni, jambo si geni. Mkulima wa Kagera amekuwa akitumia kihisi hai siku zote: jani la mgomba likigeuka njano kabla ya wakati wake, hajiulizi kama ni maabara ipi imesema. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria ulipogunduliwa wilayani Muleba, wa kwanza kuona kwamba ndizi zinaiva kabla ya kukomaa na shina linatoa usaha walikuwa wenye vibanja wenyewe. Kilichokosekana hakikuwa macho. Ilikosekana njia ya haraka ya kuyageuza yale macho yaliyoyaona kuwa taarifa ambayo ofisi ingeiamini na kuifanyia kazi.

Kihisi hai, kwa maana ya kitaalamu, ni kiumbe au sehemu ya kiumbe kinachotumiwa kama kipimo. Wa kwanza na wa bei nafuu kuliko wote ni nyungunyungu. Kuna kipimo kilichokubaliwa kimataifa ambacho mwalimu yeyote wa sayansi anaweza kukielewa kwa dakika kumi. Sanduku hugawanywa nusu kwa nusu. Upande mmoja hutiwa udongo safi, upande wa pili udongo unaotiliwa shaka. Kizuizi cha katikati huondolewa, nyungunyungu kumi wakawekwa kwenye mstari, sanduku likafunikwa lisikauke. Baada ya saa 48 kizuizi hurudishwa na nyungunyungu huhesabiwa. Zaidi ya wanane wakiwa wamehamia upande wa udongo safi, basi ule mwingine umepoteza sifa ya kuwa makao ya viumbe. Kazi hurudiwa katika masanduku kadhaa ili bahati isihesabiwe kuwa ushahidi. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi yake iliyo laini hugusana na kila kilichomo katika maji ya udongo; hana haja ya kuambiwa kwamba mahali hapo hapakaliki.

Kihisi cha pili ni mbegu. Udongo ulioingiwa na mafuta hukataa maji: ukiumwagia, maji hukaa juu kama vishanga. Zaidi ya hapo, bakteria wa udongoni wanaokula mafuta huongezeka sana, na kwa kuwa mafuta yana kaboni nyingi bila naitrojeni, bakteria hao huichukua naitrojeni iliyomo ardhini. Mahindi yaliyopandwa hapo huwa ya njano na kudumaa. Mkulima asiyejua atadhani ardhi yake imechoka, akaongeza samadi, na pengine akapata nafuu kidogo, na kwa nafuu ile ile akaficha ushahidi.

Cha tatu ndicho kinachostaajabisha wengi: bakteria wanaotoa nuru. Wako bakteria wa baharini waitwao Aliivibrio fischeri ambao hung'aa wenyewe gizani. Wakitiwa katika maji yaliyokamuliwa kutoka udongo wenye sumu, nuru hufifia katika muda wa nusu saa au chini yake, na chombo hupima imefifia kwa kiasi gani. Wataalamu walikwenda mbele zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, mwaka 1990 walieleza jinsi walivyochukua vinasaba vya kutoa nuru wakaviunga na swichi ya asili ambayo bakteria wa udongoni hutumia wanapokutana na nafthalini, kemikali ile iliyokuwa katika vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, ambayo imo pia katika mafuta ghafi. Bakteria huyo, aliyepewa jina la HK44, hung'aa akiionja nafthalini. Mwaka 1996 alijaribiwa katika mapipa makubwa ya udongo huko Oak Ridge. Tofauti ni kubwa: yule wa baharini husema tu kwamba kuna sumu, huyu hutaja sumu gani.

Lakini mtu asikimbilie kuagiza HK44 kwa ajili ya Muleba. Mafuta ya Uganda, kama ilivyoelezwa, ni ya nta, na nta ni minyororo mirefu ya kaboni iitwayo alkani. Bakteria anayengojea nafthalini anaweza kukaa kimya mbele ya donge la nta. Wako bakteria wengine waliotengenezwa kwa kutumia swichi ya alkani, nao ndio wanaofaa kuchunguzwa kwa mafuta haya. Hata hivyo alkani ndefu haiyeyuki kwa urahisi katika maji, na kisichoyeyuka hakimfikii bakteria upesi. Zaidi ya hayo, viumbe waliobadilishwa vinasaba wana sheria yao. Tanzania ina kanuni za usalama wa viumbe hao tangu mwaka 2009, na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mazao ya aina hiyo yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma. Kwa hiyo bakteria wa namna hii, wakiletwa, mahali pao ni ndani ya chupa iliyozibwa katika maabara. Udongo uende kwao. Wao wasiende shambani.

Sasa liko jambo linalopasa kusemwa kwa uwazi, maana ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kihisi hai peke yake ni shahidi anayesema kweli bila kujua jina la mshtakiwa. Nyungunyungu hukimbia mafuta, ni kweli. Hukimbia pia udongo mchachu, hukimbia chumvi, na hukimbia shaba iliyomo katika baadhi ya dawa za ukungu za mikahawa. Tuseme mwalimu achukue udongo wa rweya karibu na mkuza wa bomba, aupime dhidi ya udongo mweusi wa kibanja chake. Nyungunyungu watahamia kibanjani, na shule nzima itaamini kwamba bomba linavuja, kumbe wanyonge hao wamependelea rutuba tu. Rweya ilinganishwe na rweya, kibanja kilinganishwe na kibanja, na ikiwezekana kibanja kilinganishwe na chenyewe kilivyokuwa mwaka uliopita.

Wala kipimo cha kemia hakikosi mtego wake katika nchi ya migomba. Maabara ikiulizwa jumla ya mafuta yaliyomo katika udongo, hukamua kila kilicho cha mafuta na kukipima. Majani ya mimea nayo yana nta; ndiyo inayoteleza juu ya jani la mgomba na kufanya maji yatiririke. Kibanja kilichotandazwa nyasi na majani ya migomba kwa miaka mia kina nta ya mimea isiyo na uhusiano wowote na Hoima. Mtaalamu makini ataitambua, kwa kuwa nta ya mimea hupendelea minyororo yenye idadi ya kaboni isiyogawanyika kwa mbili, na mafuta ghafi hayana upendeleo huo. Asiye makini, au mwenye haraka, atasema kibanja safi ni kichafu. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi: kibanja kikichafuliwa kweli, wakili hodari anaweza kusimama mahakamani akasema hayo yaliyopimwa ni majani ya migomba tu, na mwenye kibanja asiwe na karatasi ya kumjibu.

Karatasi hiyo ndiyo inayokosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiweka wazi kanuni kwamba mwenye kuchafua ndiye alipe. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini haitembei yenyewe; humngoja mtu aje na uthibitisho. Kampuni inayo vipimo vyake, na wataalamu wake, na kumbukumbu zake za tangu kabla ya mtaro kuchimbwa. Kijiji kina nini? Mtendaji wa kijiji akifungua kabati lake atakuta daftari la wakazi, mihutasari ya mikutano, na huenda orodha ya waliolipwa fidia ya ardhi. Hatakuta mstari mmoja unaosema udongo wa kitongoji fulani ulikuwa na nyungunyungu wangapi katika mita moja ya mraba, wala uchachu wake ulikuwa kiasi gani.

Mwaka 2025 ujenzi wa bomba ulikuwa ungali unaendelea. Hata hivyo hali ya awali ya kibanja haipotei siku mafuta yanapoanza kupita. Hupotea siku yanapovuja. Mahali ambapo hapajavuja bado panaweza kupimwa, na kazi yenyewe si ya kungoja mfadhili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kiko pale pale nje ya mji wa Bukoba, na kwa miaka mingi kimeshughulika na migomba na udongo wake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Haiwezekani kila kibanja kupeleka udongo huko kila msimu. Inawezekana shule kufanya kipimo cha nyungunyungu na cha mbegu, bwana shamba au bibi shamba wa kata akahakiki, na ni udongo ule tu uliotiliwa shaka ukapelekwa kwa mkemia. Huo ndio ufaao wa kihisi hai: hupunguza mzigo unaokwenda maabara, na huonyesha mahali pa kuchimba.

Walimu wanaweza kujifunza kazi hii bila bomba. Kila senta ina mashine ya kusaga ambayo dizeli yake hudondoka sakafuni ikatiririka nje, na kila gereji ina mahali ambapo mafuta machafu ya injini humwagwa. Udongo wa hapo upimwe dhidi ya udongo wa aina ile ile uliochukuliwa hatua hamsini kutoka hapo, upande wa juu wa mteremko. Mahindi yapandwe katika makopo ya pande zote mbili. Wanafunzi wakiisha kuona nyungunyungu wamejikusanya upande mmoja, na mahindi ya kopo moja yamesimama na ya jingine yameinama, hawatahitaji kuelezwa kihisi hai ni nini. Na huenda mwenye mashine ya kusaga naye akaona haya kidogo.

Udongo wa kumbukumbu uchukuliwe mara mbili kwa mwaka, mvua na kiangazi, kwa sababu nyungunyungu wa Novemba si nyungunyungu wa Julai. Uchukuliwe juu, pale penye matandazo, na uchukuliwe pia chini ya mizizi ya mgomba, maana nta iliyovuja kutoka bomba lililofukiwa haitaanza juu. Sehemu moja ikaushwe kivulini kwa ajili ya kupima uchachu na rutuba. Sehemu nyingine, ile itakayopimwa mafuta, iwekwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma na kuhifadhiwa katika baridi, kwani mfuko wa plastiki una mafuta yake na utaharibu ushahidi. Chupa iandikwe tarehe, kitongoji, kina cha shimo na jina la aliyechimba. Daftari liwe na nakala tatu: moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa halmashauri ya wilaya, ya tatu Maruku. Na mwenye kibanja atie sahihi katika zote tatu, akiwa amesimama pale pale lilipochimbwa shimo.